Wasifu wa Kurasa Mbili

Wameniomba kurasa mbili, zisizidi,
zisomwe pale Nyawera kabla ya misa.
Binti yake anataka neno "mwanga" liwemo.
Wenzake wa Taasisi wanataka neno jingine,
ila hawataki liwe kwa mwandiko wao.

Nimekaa hapa Nguba, umeme umekatika,
mshumaa juu ya kopo la maziwa.
Naandika: Zihindula Birhakaheka,
mtafiti wa visasili.
Kisha nakwama hapo,
kama gari la Panzi kwenye tope.

Nianze na miguu. Alitembea.
Kabare, Walungu, hadi Idjwi kwa boti la ndizi,
mashine ya kunasia sauti begani,
nzito kama mtoto anayekataa kutembea,
betri amezivika soksi zisilowe.
Mwenye hadithi alimsikiliza.
Asiye nayo alimsemesha hadi alfajiri
mpaka akaikumbuka moja.

Vita vilipoingia, watu walibeba magodoro.
Yeye alibeba kanda mia moja na kumi na sita
katika magunia, chini ya makala,
akavuka vizuizi vitatu, uso mweusi kwa masizi,
akiwauliza askari kama wananunua.
Mmoja alinunua.
Ndiyo maana leo ni mia moja na tano.

Hilo liandikwe.

Liandikwe pia kwamba hadithi ya ziwa,
ile watoto wanayoikariri shuleni,
ya mwanamke aliyeficha maji chunguni
na mume aliyefunua kifuniko usiku,
haikuwa yake. Ilikuwa ya Nabintu,
mjane, muuza maharagwe wa Nyangezi,
aliyeisimulia huku akichambua;
na kwenye kanda unasikia punje zikidondoka siniani,
tak, tak, kila mume anaposogea.
Kitabuni hakuna sinia.
Hakuna Nabintu.
Kuna "masimulizi ya wazee wetu."
Hakuwa mzee. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Na ule mwisho, ziwa likimsamehe mume,
likimrudisha ufukoni akiwa hai,
hauko kwenye kanda.
Kwa Nabintu mume anazama,
halafu Nabintu anauliza bei ya betri.

"Mwizi," walisema watu, kwa sauti ya chini,
kwenye baa za Essence,
wakimnunulia bia yeye huyohuyo.
"Baba wa mila zetu," ilisema redio.
Yote mawili aliyajibu kwa kukohoa.

Nabintu alikuja siku moja na kitabu mkononi.
Kusoma hakujua, kurasa alijua kuzihesabu.
"Mwalimu, mimi niko wapi humu?"
Akampa ada ya shule ya mtoto mmoja,
mwaka mzima, noti mpya.
Jina hakumpa.
Nilikuwepo. Mlango niliufungua mimi,
na mimi ndiye niliyeufunga.

Niseme na hili, maana ukurasa wa pili unakwisha:
mswada niliupiga mimi,
kwa mashine isiyo na herufi K,
nikiijazia kwa kalamu.
Jina lake lilikuwepo. Karatasi ya mwisho,
majina arobaini ya waliosimulia.
Mchapaji akasema karatasi ni adimu, punguzeni.
Zihindula akaniangalia.
Nikasema, "Ile ya mwisho haisomwi na mtu."
Akanyamaza kitambo. "Basi. Toleo la pili tutairudisha."

Toleo la pili halikuja,
na hakuna aliyelidai, mimi nikiwemo.

Nimefuta "mwanga".
Nimefuta na lile neno jingine.
Imebaki nafasi ya mistari michache
na mshumaa kiasi cha ukucha.
Ninaandika majina:
Nabintu. Kisha Cibalonza wa Walungu.
Kisha yule kipofu wa Idjwi, Rugamika,
aliyetaka alipwe kwa chumvi.
Nakumbuka kumi na moja.

Wengine wako kwenye kanda, ndani ya magunia,
wakisafisha koo
kabla ya kuanza.